Kuikimbiza Kadi kwa Ajili ya Mama Angèle

Mimi si mtu wa subira, na sioni sababu ya kuficha. Dany, mume wangu, husema hata uji nikiupika huchemka upesi kwa kuniogopa. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba Priscille wa Kashikishi, yule mwenye studio ya video nyuma ya soko la samaki, alikaa siku tatu mbele ya kompyuta akiongeza mwendo wa kadi kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga ya wakwe, una haki ya kukataa. Lakini ni kweli. Nilifanya, na nilifanya kwa ajili ya Mama Angèle.

Aliingia Jumatano saa tatu asubuhi, vumbi la Mantapala bado liko miguuni. Huko ndiko anakoishi, kwenye makazi ya wakimbizi, analima mihogo na karanga. Tulivuka ziwa Mweru kuja Zambia mwaka mmoja, yeye na mumewe Mzee Hugues wakitokea Kilwa ya Kongo, mimi na Dany tukitokea Pweto, na tangu hapo amekuwa kama dada yangu mkubwa. Mzee Hugues alifariki mwezi wa saba baada ya kuumwa muda mrefu. Sasa tulikuwa mwezi wa kumi, wakati wa joto kali.

Aliweka simu ndogo juu ya meza yangu, akaketi bila hata kujipangusa vumbi. Nikajua kuna neno.

"Siku ya posho navuka Kilwa," alisema. "Bananiita."

Jumamosi hiyo ukoo wa mumewe ulikuwa unakutana kumaliza matanga, na yeye mjane alitakiwa kuketi katikati yao ajibu maswali. Swali kubwa lilikuwa moja: Hugues alikufa na nani? Kwa maana mdogo wa marehemu, anayeitwa Ambroise, alikuwa amewaambia wote kwamba Mama Angèle alimkimbia mgonjwa, akarudi siku ya mazishi tu kulia kwa sauti. Ukoo ukimwamini Ambroise, mjane atafukuzwa mbele ya watu, na jina la mke aliyemwacha mumewe afe peke yake atalibeba mpaka kaburini. Huyo Ambroise simjui hata kwa sura, lakini nilimchukia pale pale na mpaka leo sijaacha.

"Na hii telefone?" nikauliza.

"Hugues alisemaka mule, anasalimia mama yake. Dakika makumi ine na mbili. Nilibatumia, lakini iko giza. Ambroise anasema kile kintu nyuma ya Hugues hapana mutu, ni mufuko ya mihogo."

"Na ni nani?"

"Ni miye, Priscille. Njo miye ule mufuko."

Akanieleza. Siku zile za mwisho Mzee Hugues hakuweza tena kukaa peke yake, na ukuta ulimuumiza mifupa. Basi mke aliketi nyuma yake, mgongo kwa mgongo, amwegemee, kama tunavyowafanyia wagonjwa wetu. Simu waliitegemeza juu ya ndoo. Yeye akatazama ukuta dakika zote arobaini na mbili, na mumewe akatazama simu.

"Niko mule ndani," alisema, "lakini sionekane."

Niliifungua video. Taa yao ya sola ilikuwa inakata roho. Niliona shati jeupe, sauti dhaifu ikitaja majina ya watu wa Kilwa, na nyuma ya shati bonge jeusi. Kusema kweli, hata mimi ningesema ni mfuko.

Kwenye kompyuta yangu nina programu ya kusafisha video zenye giza. Huchukua picha moja moja, huipa mwanga, huondoa zile chembechembe kama mchanga, kisha huunganisha tena. Mzigo huo wote hubebwa na kadi ya picha, kile kibao chenye feni ndani ya kasha la kompyuta. Yangu ilitoka Lubumbashi, imeshatumika kabla yangu, ikaja na basi ikiwa imefungwa ndani ya kitenge. Nikaikata video vipande vya dakika moja moja, ili umeme ukikatika nisipoteze kazi yote. Nikaanza na kipande cha mwisho kwa sababu ndicho kilikuwa na giza kuliko vyote. Nilikaa nikitazama saa ya ukutani, si video. Dakika moja ilikula dakika ishirini na moja.

Hesabu ikawa mbaya. Vipande arobaini na mbili vilihitaji masaa kumi na nne na dakika arobaini hivi. Umeme wa mgao kwetu ulikuwa unawaka saa kumi na mbili asubuhi na kuzima saa sita mchana. Nilikuwa na masaa mawili ya siku ile, sita ya Alhamisi na sita ya Ijumaa. Jumla kumi na nne. Jenereta ya Dany umeme wake unarukaruka kama chura, siwezi kuufunga kwenye kompyuta yangu. Jumamosi alfajiri boti linaondoka.

"Vitabaki vipande viwili na giza lake," nilimwambia.

"Ambroise ataona ile giza," alijibu polepole. "Atauliza tunaficha nini."

Nilimwambia aende nyumbani, kazi itakwisha yote. Nilisema kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Ndivyo nilivyo. Kisha nikampigia Ruffin.

Ruffin ni mtoto wa mama yangu mdogo, na huniita yaya, yaani dada mkubwa. Yuko Lubumbashi, anatengeneza kompyuta, na jioni hucheza michezo ya magari mpaka mkewe amzimie mashine. Ndiye aliyenitafutia ile kadi. Nilikuwa nimemsikia mara nyingi akijisifu kwamba kadi ya picha inaweza kukimbizwa kupita mwendo wake wa kawaida.

"Nieleze namna ya kuikimbiza," nikamwambia. "Haraka, umeme unakwenda."

"Yaya Priscille, pole kwanza. Ulikwisha kupangusa vumbi mule ndani?"

Sikuwa nimepangusa tangu mwaka jana. Nilizima, nikafungua kasha, nikatoa vumbi la kutosha kujaza kikombe, na magamba mawili ya samaki ambayo sijui yaliingiaje. Ruffin alinisubiri. Halafu akaniambia nipakue programu fulani ndogo, yenye kuonyesha mwendo wa kadi, joto lake na kasi ya feni. Ndani yake kulikuwa na mistari ya kusogeza, mmoja wa kuongeza mwendo kwa megahezi. Mkono wangu ulikuwa tayari.

"Naweka mia tatu," nikasema.

"Hapana! Weka makumi tatu."

"Thelathini? Hiyo si kukimbia, hiyo ni kuchechemea."

"Sikia. Batu benye kutengeneza kadi baliiachia nafasi kidogo ya kukimbia, lakini kidogo tu, na kila kadi iko na yake. Unaitafuta polepole, sawa mutu anatembea mu maji na hajue kwenye shimo iko. Makumi tatu, unafanya kipande kimoja. Kama kinatoka safi, unaongeza makumi tatu ingine. Siku utaona madoa ya rangi kwenye picha, ama masini inazima, ujue ulifika mu shimo. Unarudi nyuma."

"Hatua moja?"

"Moja ama mbili. Mbili ni muzuri kwa mutu anaanza. Na yaya, kuko mustari moja ya nguvu ya umeme. Ile usiiguse, hata kama unasikia hamu. Njo pale batu banaunguzaka kadi zao. Na joto, ikipita makumi munane, simama."

Hamu nilikuwa nayo, sitasema uongo. Niliufunika ule mstari kwa kipande cha karatasi ya gundi juu ya kioo, ili macho yangu yasiuone. Nikaweka thelathini.

Kipande cha kwanza kilitoka safi, na kilikula dakika ishirini na nusu. Nikaweka sitini: ishirini kamili. Tisini: kumi na tisa na nusu. Kila kipande kikimalizika nilikikagua kona kwa kona nikitafuta madoa, na kwa kuwa kilikuwa safi, kilihesabika kama kazi iliyokwisha. Nilipofika mia na ishirini, dakika moja ya video ilikuwa inakula dakika kumi na tisa tu, na joto lilikuwa nyuzi sabini na nne. Umeme ukazima saa sita kamili. Nilirudia hesabu mara tatu kwenye ukingo wa gazeti. Kwa mwendo ule, ningemaliza Ijumaa na dakika chache za akiba. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kufurahia dakika mbili zilizookolewa kiasi cha kuimba.

Alhamisi saa kumi na mbili nilikuwa kitini kabla umeme haujawaka. Kwa vile jana tamaa haikuniponza, nikaijaribu leo. Nikaweka mia na hamsini. Baada ya dakika nne vinukta vya kijani vikaanza kuonekana kwenye shati la Mzee Hugues, vingi, kama ugonjwa wa ngozi. Nikasimamisha, nikarudisha mia na ishirini, vikapotea. Ruffin alikuwa amesema hatua mbili kwa mtu anayeanza, nami nilirudi moja, lakini ilishika. Nikamshukuru Mungu na kuketi nikiwa nimekunja mikono.

Ilikuwa saa nne nilipoona joto. Themanini na moja. Themanini na tatu. Kufika themanini na nne, kadi ikaanza kupunguza mwendo yenyewe, kama mtu aliyechoka anayejikokota, na kipande kilichokuwa kinakula dakika kumi na tisa kikataka ishirini na tatu. Nilifungua dirisha. Nilipandisha feni mpaka ikalia. Haikusaidia.

Dany akapita mlangoni. Mume wangu huchukua samaki kutoka kwa wavuvi wa huku na kuwapeleka Mansa na ng'ambo. Maisha yake yote ni kupigana na joto. Alitazama kioo, akanitazama usoni, na bila kuuliza akatoka. Alirudi na beseni la barafu kutoka kwenye masanduku yake ya samaki.

"Mama Chisomo," aliniita kwa jina la mtoto wetu, "samaki inaoza juu ya nini? Joto. Tunafanya nini? Tunaweka barafu."

Na mimi, niliyejiona fundi tangu jana, nikaona ni akili kubwa. Tukalifungua kasha ubavuni, tukaliweka beseni mdomoni mwa feni, karibu kabisa. Ah, ungetuona! Joto likashuka themanini, sabini na tano, sabini, sitini na sita. Dany alizunguka chumba kifua mbele. Nilimwambia ana akili kuliko Ruffin na Lubumbashi yake yote, na nilimaanisha.

Robo saa baadaye nikaona jasho. Bati la kasha lilikuwa limeota matone madogo, kama chupa ya soda inayotolewa kwenye barafu sokoni. Nikainama. Tone moja lilikuwa limetulia kwenye ukingo wa kadi yenyewe, linang'aa, linanuka samaki. Nilichomoa waya wa ukutani kwa mikono miwili. Maneno niliyomwambia Dany siwezi kuyaandika hapa. Jumapili iliyofuata niliyatubu.

Nikampigia Ruffin. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaya," alisema, "muliweka barafu ya samaki mu ordinatere?"

Kisha akacheka muda mrefu mpaka nikakata simu. Akapiga tena, bado sauti inatetemeka, akaniambia hewa ya moto ikikutana na kitu baridi hutoa maji, na maji hayo ndiyo yanayoua kadi. Nisiwashe kitu chochote mpaka kesho. Niitoe kadi, niiweke penye upepo ikauke yenyewe.

"Lakini joto ile ilitoka wapi?" akauliza. "Jana ilikuwa muzuri."

Swali zuri. Nilizunguka kasha nikitafuta, mkono wangu ukagusa ukuta, nikauondoa haraka. Ukuta ulikuwa wa moto. Kompyuta yangu imekaa imeegemea ukuta ule miaka minne, na upande wa pili wa ukuta, nje, kuna tanuru la Dany la kukaushia samaki. Jumatano halikuwashwa, kwa sababu alikuwa ufukweni siku nzima. Alhamisi aliliwasha alfajiri, likiwa limejaa samaki wa boti la Jumamosi.

"Baba Chisomo," nikamwita. "Njoo uguse hapa."

Akagusa. Akatazama ukuta, akatazama beseni, akanitazama mimi.

"Moto huu ni wa nani?" nikauliza.

"Ni yangu," akasema kwa sauti ndogo. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema na alitaka kurekebisha: "Tuiweke kadi juu ya tanuru kidogo, ikauke?"

Nilimtazama mpaka akaondoka. Niliitandaza kadi juu ya kitenge safi karibu na dirisha linalopokea upepo wa ziwa, nikakaa kando yake mchana kutwa nikifukuza nzi, kama akina mama wanavyolinda chisense, vile visamaki vyetu vidogo, vikianikwa mchangani. Umeme ulizima wakati bado inakauka. Masaa yangu mawili kasoro yalikuwa yameyeyuka na ile barafu. Niliona aibu. Mama Angèle nilimwahidi kwa kupaza sauti, na aliyeharibu ni mimi mwenyewe pamoja na mume wangu, kwa werevu wetu.

Ijumaa alfajiri niliihamishia kompyuta katikati ya chumba, juu ya kiti cha jikoni. Tanuru lilikuwa limezimwa; Dany hata hakungoja kuambiwa. Nilirudisha kadi mahali pake, nikasali kwa ufupi, nikawasha. Ilizunguka. Nikaweka mia na ishirini, na joto likatulia sabini na tatu.

Hapo ndipo nilipojaribiwa kweli. Hesabu ilikuwa wazi: vingebaki vipande saba na giza. Mkono ukaenda kwenye ule mstari. Labda leo, na ubaridi huu wa asubuhi, mia na themanini ingeshika? Labda hata ule mstari wa umeme, chini ya gundi? Nilikaa na kidole juu ya kitufe kwa muda. Wanasema tamaa mbele, mauti nyuma, na mara nyingi mimi huwa huko mbele. Lakini kadi ikifa sasa hakuna video hata kidogo, na mwanamke yule ataketi Jumamosi mbele ya watu akiwa na bonge jeusi tu la kuonyesha. Nikaondoa mkono nikaukalia. Ndiyo, nilikaa juu ya mkono wangu.

Saa nne nikamwita Mama Angèle. Alikuja akiwa amefunga kitambaa cheusi cha mjane, tayari kwa safari. Nilimwambia kila kitu, barafu, tanuru, jasho. Hakucheka, hakukasirika.

"Hazitatosha," nikasema. "Dakika saba zitabaki na giza. Chagua wewe ni zipi kati ya zile ambazo bado."

"Nionyeshe kwanza kama ninaonekana."

Nikamfungulia kipande cha kwanza. Alionekana. Mabega yake, kilemba chake cha njano, kisigino kimoja kimekaza kwenye sakafu ya udongo asiteleze, na mumewe amemwegemea kwa uzito wake wote. Alijitazama kidogo tu, kama anayekagua nguo kwa fundi, akaitikia kwa kichwa.

"Bien. Banaweza kuniona." Kisha akafikiri. "Acha zile za mwisho. Mule Hugues analia."

"Analia?"

"Alinyamazaka, halafu nikasikia mugongo yake inatetemeka juu ya mugongo yangu. Sikugeuka. Mwanaume akilia, unamuachia. Batu ba Kilwa basimuone vile. Acha mule giza."

Nilisikitika, kwa sababu kipande cha mwisho nilikuwa nimekwisha kukisafisha tangu Jumatano, kile cha kujaribia. Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba sikumbuki kumwona akilia. Nilikuwa natazama saa, sikumtazama mtu. Nilichokumbuka ni ngurumo hafifu niliyoisikia nilipokuwa nakata vipande, nikadhani ni injini ya mashua iliyopita mbali. Aliniomba nikifungue. Kufungua video wakati kadi inafanya kazi kunaichelewesha, lakini sikuweza kumkatalia.

Mzee Hugues alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Macho yake yalikuwa madogo, yamejaa maji, mabega yanaruka. Mkono mwingine alikuwa ameuinua, na kwa kidole gumba alikuwa anaonyesha nyuma yake, kwa mwanamke wa kilemba cha njano, ambaye kichwa chake kilikuwa kimeinama pembeni na mdomo umeachama. Ngurumo ile haikuwa injini. Ilikuwa ni Mama Angèle anakoroma.

Alikuwa anacheka. Mgonjwa yule, mifupa mitupu, alikuwa anamwonyesha mama yake huko Kilwa kwamba tazama, mke wangu amelala akiwa amenibeba, na yeye mwenyewe amejiziba mdomo ili asimwamshe. Mwishoni kicheko kilimshinda, mgongo ukatetemeka, na Mama Angèle kwenye video akashtuka, akakaza kisigino tena, akaendelea kutazama ukuta.

Mama Angèle aliyekuwa kando yangu alinyoosha kidole akagusa kioo, pale penye uso wa mumewe. Miezi mitatu alikuwa akiamini kwamba alimwacha alie peke yake bila kumgeukia, na hakuwa amemwambia mtu yeyote. Mimi machozi yalinitoka nikasingizia feni. Kisha ghafla akashika mkono wangu.

"Usibape hii, Priscille! Batasema bwana anakufa na bibi analala!"

"Mfuko wa mihogo haukoromi, mama," nikamwambia.

Alifikiri. Kioo kiliendelea kuhesabu, kipande kingine kikakamilika. Nilitaka kumharakisha, umeme ulikuwa unakwenda, lakini mara moja maishani mwangu nilinyamaza.

"Zile dakika anasalimia Ambroise na bandugu," akauliza, "iko ngapi?"

Nikaangalia. Zilikuwa sita na kidogo, vipande saba, na vyote bado.

"Njo zile uache na giza. Ambroise akiuliza juu ya giza, nitamuambia asikilize. Ni jina yake inasemwa mule, anajua sauti ya ndugu yake. Huku mwisho, weka yote. Na kukoroma yangu pia."

Kipande cha mwisho kati ya vile alivyotaka visafishwe kilitoka saa sita kasoro dakika sita. Nilihamisha kila kitu kwenye simu yake, nikaurudisha mstari wa kadi mahali pake pa kawaida kama Ruffin alivyoniagiza, na umeme ukazima mkono wangu ukiwa bado juu ya meza. Jumamosi alfajiri Dany mwenyewe alimbebea mzigo mpaka kwenye boti.

Jumapili jioni alinipigia kutoka Kilwa. Waliiweka kwenye televisheni ya jirani, ukoo mzima umeketi chini. Ambroise aliuliza kuhusu giza, kama tulivyojua, na hata baada ya kusikia salamu zake alisema video siku hizi zinatengenezwa. Watu wakaanza kunong'ona. Kisha kikafika kipande cha mwisho, na mama mkwe, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, akacheka. Alicheka mpaka wakamshika.

"Nyamazeni," aliwaambia. "Mwanamuke mwenye kulala vile, na bwana juu ya mugongo, huyo hakukimbiaka. Huyo alichokaka."

Halafu akaomba warudishe pale mwanawe anapocheka.